Niliacha mfereji wazi, na sasa mama mkwe ananiita Nuhu. Je, nina haki ya kulalamika?

Baba wa Wawili, Umoja

Ndugu na dada zangu, naomba mnisaidie kuamua jambo ambalo huenda likaonekana dogo, lakini limenikosesha raha kwa wiki tatu sasa.

Tunaishi Umoja, ghorofa ya tatu, mimi na mke wangu pamoja na watoto wetu wenye umri wa miaka 5 na 2. Maji katika jengo letu hufika mara mbili kwa wiki, na yale ya Alhamisi huja usiku, saa ambayo hakuna anayeweza kuitabiri. Kwa hiyo tumezoea kupanga mitungi jikoni kama abiria wanaosubiri matatu, na kupokezana zamu ya kuamka: wiki hii yeye, wiki ijayo mimi.

Alhamisi ile zamu ilikuwa yangu. Nilifika nyumbani saa tatu usiku kwa sababu ya msongamano wa magari katika Barabara ya Jogoo, nikafungua mfereji wa jikoni ili nione kama maji yameanza kutoka, nikaukuta mkavu, nikaenda kula. Kila aliyeishi Nairobi ameshajua kilichofuata. Sikuufunga, na ndani ya sinki kulikuwa na karai lililoziba tundu la kutolea maji.

Saa tisa usiku nilisikia mtu akibisha mlango wa chumba cha kulala, polepole, kwa adabu. Niliuliza ni nani, sikujibiwa. Nilipoufungua nilikuta ni kandambili yangu mwenyewe iliyokuwa ikielea na kugonga ubao. Maji yalikuwa yamefunika vidole vya miguu toka jikoni mpaka sebuleni, pakiti mbili za unga zilizokuwa chini ya meza zilikuwa zimegeuka uji baridi, na zulia tulilolinunua Gikomba lilikuwa zito kama maiti ya ng'ombe. Jirani wa chini, kama nilivyojua baadaye, alikuwa tayari ametandaza sufuria tano chini ya dari yake.

Mke wangu aliamka, akasimama mlangoni, akatazama, kisha akacheka mpaka akalazimika kuketi juu ya mtungi. Tulipiga deki kwa mataulo hadi alfajiri huku tukicheka sote wawili, na ninakiri bila aibu kwamba katika miaka sita ya ndoa yetu sikumbuki usiku mwingine ulionifurahisha kiasi kile. Jambo la kusikitisha ni kwamba maji yalikatika kabla hatujakumbuka kuijaza mitungi. Nyumba ilikuwa imefurika, na hakukuwa na tone la kupikia chai. Jumamosi tulinunua maji ya mkokoteni.

Sasa malalamiko yangu ni haya. Jumamosi hiyohiyo mke wangu alikisimulia kisa hiki katika chama chake cha akina mama, na kufikia Jumapili majirani walikuwa wakiniita Nuhu. Hilo nililivumilia. Lakini alimsimulia pia mama yake aliye Kitui, mama mkwe ambaye kwa miaka yote sita tumesalimiana kwa heshima ya mbali, bila mzaha hata mmoja kati yetu. Alinipigia simu, akaniuliza habari za kazi na za watoto, halafu akaniuliza kama safina imeshatia nanga. Nilikosa la kusema. Nilimjibu, "Ndiyo, mama," na simu ikaisha.

Wahenga walisema kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Mimi, inaonekana, nimeoa kata inayosema. Je, ni haki kisa cha usiku wetu wawili kuwa mali ya watu wote? Sijamwambia kitu, na kila Alhamisi ninapoipanga mitungi ninahisi kama ninatazamwa.

Mama wa Kahawa West

Kaka yangu, pole kwa zulia. Nina miaka 19 katika ndoa, na mimi pia nina kisa changu kinachosafiri kuliko mimi mwenyewe, kwa hiyo nitakieleza ili ujue ninazungumza kutoka wapi.

Mwaka wetu wa kwanza, watu wa kwao mume wangu walikuja kututembelea siku ya Jumapili. Nilikuwa nimeanza ndengu, wali ulikuwa unangoja zamu yake, na unga wa chapati ulikuwa umeshakandwa, gesi ilipoisha. Tulikuwa tukitumia mtungi wa kilo 13. Nilimwita mume wangu kando, nikamnong'oneza, akatoka kwa mlango wa nyuma kama mwizi, akarudi baada ya nusu saa na kijana aliyebeba mtungi wa kilo 6, kwa sababu pesa zilitosha huo tu. Kichwa chake hakikukubaliana na regulata yetu. Wakati huo wote mimi nilikuwa nikirudi sebuleni kila baada ya dakika tano kuwaambia wageni kwamba chakula "kinakaribia", mpaka baba mkwe akaniuliza kwa upole kama kinatoka Mombasa. Walikula mkate na chai iliyochemshwa kwa jirani. Zile ndengu tulizimalizia Jumanne.

Mume wangu amekisimulia kisa hicho katika kila posa na kila sherehe ya ukoo tangu siku hiyo. Mwanzoni nilichukia kama unavyochukia wewe. Kisha siku moja nilikuwa jikoni nikamsikia akikisimulia bila kujua kwamba ninamsikiliza, nikagundua kwamba katika hadithi yake mjinga ni yeye: ndiye aliyenunua mtungi usiofaa, ndiye aliyetoka kwa mlango wa nyuma, na mimi ndiye niliyesimama imara mbele ya wageni kama balozi. Tangu siku hiyo huwa ninamkumbusha sehemu anazozisahau.

Kwa hiyo ninakuuliza: je, wewe umewahi kumsikia mkeo akikisimulia kisa chako, au umesikia tu vicheko vya waliokisikia? Usimhukumu kabla hujajua amejiweka wapi ndani yake.

Fundi wa Mabomba, Dandora

Mambo ya mke na mama mkwe nitawaachia wenye hekima. Mimi ninajibu kuhusu mfereji.

Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka Bwawa la Ndakaini katika Kaunti ya Murang'a, lililokamilika mwaka 1994 na ambalo hubeba mita za ujazo zipatazo milioni 70 likijaa. Hata likijaa, mahitaji ya jiji ni makubwa kuliko maji yanayoletwa, ndiyo maana kila mtaa una siku yake. Maji yanaporudi katika bomba lililokuwa tupu husukuma hewa kwanza, na mfereji hukohoa na kufoka kabla ya kutoa tone. Usiku wa manane, wengi wanapokuwa wamelala na mifereji yao imefungwa, msukumo huwa na nguvu kuliko jioni, na ndiyo maana nyumba yako ilijaa upesi.

Kabla ya kulala, ondoa kila kitu ndani ya sinki ili tundu libaki wazi, kisha pindua sufuria ya bati chini ya mfereji ulioufungua kidogo sana. Tone la kwanza litakuamsha kama kengele ya shule. Na ukiufungua mfereji ukaukuta mkavu, usiondoe mkono wako juu yake mpaka uufunge. Nimetengeneza dari nyingi za majirani wa chini, na karibu zote ziliharibiwa na mfereji uliokuwa mkavu.

Bwana Harusi wa Kawangware

Ninaheshimu maoni ya dada wa Kahawa West, lakini sikubaliani nayo yote. Nimeoa kwa miezi minane tu, na huenda ngozi yangu bado ni laini.

Mwezi uliopita nilikuwa nikijinyoa nywele kwa mashine, nikiwa nimemaliza upande wa kushoto, tokeni za umeme zilipoisha. Nilinunua nyingine kwa simu, na mke wangu akanisomea zile tarakimu 20 kwa mwanga wa tochi huku nikibonyeza. Mara ya kwanza zilikataliwa, mara ya pili zikakataliwa, na ya tatu hatukuijaribu kwa sababu alikuwa ameanza kucheka na hakuweza tena kutamka saba. Kufikia hapo nilikuwa ninafurahi kama yeye. Lakini alinipiga picha, akaituma katika kundi la simu la familia yao, na asubuhi shemeji zangu wote 11 walikuwa wameshaitolea maoni. Kinyozi wa jirani alinimaliza upande wa kulia saa moja asubuhi, lakini ile picha ingali ipo.

Ninachokiona ni kwamba kisa kinachosimuliwa kwa mdomo hubadilika na kuchakaa, na mwenyewe anaweza kukirekebisha, picha haikusikilizi. Vilevile, wazazi wa mwenzio si sawa na chama. Wanachama watasahau wakipata kisa kipya, lakini mama mkwe atakukumbuka kwa lile alilolisikia, hasa kama hajawahi kulisikia jingine. Mimi ningemwambia mke wangu waziwazi: majirani sawa, Kitui hapana.

Mzee wa Buruburu

Wanangu, nimewasoma. Nilioa mwaka 1984 na kuhamia Buruburu miaka mitatu baadaye, wakati maji yalikuwa yakitoka kila siku na hakuna aliyehitaji zamu, kwa hiyo ajali hii siijui kwa kutendewa. Wakwe ninawajua.

Mwanangu wa Umoja, umetaja Kitui kama mtu anayetaja mahali pa mbali tu. Fikiri kidogo. Katika sehemu nyingi za kule mito hukauka msimu wa jua, na watu hufukua mchanga wa mto mpaka maji yajikusanye shimoni, wakayateka kwa kata na kuyasafirisha mgongoni au kwa punda. Simjui mama mkwe wako, lakini ikiwa alikulia huko, basi ameyangoja maji shimoni mara nyingi kuliko ulivyoyangoja wewe jikoni. Sasa mama wa namna hiyo anaambiwa kwamba mkwe wake amelala huku maji yakimwagika usiku kucha kwenye sakafu ya saruji, na hata mtungi mmoja haukujazwa. Alikuwa na haki ya kukukemea, au ya kunyamaza kwa namna ambayo ungeisikia mwaka mzima. Yeye akatafuta mzaha, tena akautafuta katika maandiko, ili asikuvunjie heshima.

Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alinitania mara ya kwanza baada ya miaka tisa. Ilihusu kofia yangu. Kesho yake nilimnunulia mke wangu kilo mbili za nyama, na hakuelewa sababu. Wewe umeonjeshwa baada ya sita, halafu unalalamika.

Kuhusu kijana wa Kawangware, ninakubaliana naye juu ya picha.

Baba wa Wawili, Umoja

Ninawashukuru wote. Ninarudi kueleza yaliyotokea, kwa kuwa si haki kuwaacha njiani.

Nilifuata ushauri wa dada wa Kahawa West. Jumamosi iliyopita chama kilikutana kwetu, nami nikajifanya ninamwogesha mtoto huku mlango wa bafu ukiwa wazi kidogo. Kulikuwa na mwanachama mpya, na kama nilivyotarajia waliomba asimuliwe. Nilisikia habari za kandambili, ambazo mke wangu anazisimulia vizuri kuliko nilivyoziandika hapa, kwa sababu hubisha meza. Nilisikia pia jambo nililokuwa nimeliacha kwa makusudi, yaani kwamba nilishuka kwa jirani wa chini kumwomba radhi nikiwa nimejifunga leso ya mke wangu yenye maua, kwa sababu suruali yangu ililowa.

Kisha akasema jambo ambalo sikulijua. Alisema kwamba karai lililoziba tundu aliliweka yeye. Usiku ule, baada ya mimi kulala, aliamka kwenda kumtazama mtoto, akapitia jikoni, akaona mfereji u wazi, akadhani nimeuacha hivyo kwa mpango wangu, akaweka karai chini yake ili tone la kwanza lisipotee, akarudi kulala akiwa na furaha kwamba ana mume anayejipanga. Wanawake wote walipiga makofi. Mtoto aliyekuwa ndani ya beseni naye akapiga makofi, na hapo nikagunduliwa.

Nilimuuliza baadaye kwa nini hakuniambia kwa wiki tatu. Alijibu kwamba alimwambia mama yake siku ya kwanza kabisa, na kwamba mama alicheka hasa kwa sababu ya karai, halafu akasema atanipigia mimi kwa kuwa binti yake ameshamkemea vya kutosha.

Jana ilikuwa Alhamisi na zamu ilikuwa yake. Tuliondoa kila kitu katika sinki, tukapindua sufuria kama fundi alivyoelekeza, na maji yakaja saa nane na dakika kumi kwa kishindo kilichowaamsha hata watoto. Tulijaza mitungi yote minane. Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nilimpigia mama mkwe nikamwambia kwamba safina iko salama lakini njiwa bado hajarudi. Alinyamaza kwa muda mrefu kiasi kwamba niliitazama simu kuona kama salio limeisha, kisha nikamsikia akimwita mtu aliyekuwa karibu naye aje amsikie mkwe wake.