Mjadala: Je, riwaya ya mwandishi aliyejichapishia inastahili kushindania tuzo na kuingia shuleni?

Mleta mada

Ndugu wasomaji, mwezi uliopita nilihudhuria kikao cha waandishi jijini Dar es Salaam ambako msemaji mmoja alipendekeza kwamba riwaya zote ambazo waandishi wake wamezichapisha kwa fedha zao wenyewe zizuiwe kushindania tuzo na zisiingizwe katika orodha za vitabu vya ziada vya shule, kwa hoja kwamba hazikupita mikononi mwa mchapishaji na kwa hiyo hakuna aliyezichuja. Wengi ukumbini walimpigia makofi. Mimi naipinga hoja hiyo, na naileta hapa ijadiliwe kwa utulivu, kwa kuwa nimetoa riwaya mbili kwa njia hiyo na naijua safari yake tangu mswada hadi kwenye buti la basi la mikoani.

Sikuanza kwa kujichapishia. Mswada wangu wa kwanza ulikaa kwa mchapishaji miezi 14, na barua iliyokuja haikusema neno lolote kuhusu kisa, wahusika wala lugha. Ilisema tu kwamba kampuni haitoi riwaya za watu wazima kwa wakati huu. Sikumlaumu aliyeiandika. Wachapishaji wetu wameishi kwa vitabu vya shule kwa miaka mingi, na Serikali ilipoamua katika muongo uliopita kwamba vitabu vya kiada viandaliwe na Taasisi ya Elimu Tanzania, mfuko ambao ungeweza kubeba hasara ya riwaya ukazidi kupungua. Anayetafuta fedha za mishahara ya mwezi ujao hawezi kuuzika mtaji wake katika riwaya ya mtu asiyejulikana. Lakini ikiwa mlango umefungwa kwa sababu za biashara, si haki kumwambia aliyebaki nje kwamba amekataliwa kwa sababu za fasihi.

Nikaenda mwenyewe Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania kuomba ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, nikamlipa kijana anayejua kupanga kurasa, nikatafuta mchoraji wa jalada, kisha nikaingia kwa mpiga chapa mmoja Kariakoo nikiwa na fedha za nakala 500. Alinieleza kwa subira kwamba kuandaa sahani za kuchapia na mashine hugharimu kiasi kile kile, ziwe nakala 500 au 3,000, na kwamba ndiyo sababu kila nakala yangu ingekuwa ghali. Siku ya kuchukua mzigo nilisimama karibu na mashine ya kukatia karatasi, nikaona kisu kikishuka juu ya rundo la vitabu vyangu na vipande vyembamba vikianguka sakafuni, gundi ikiwa bado inanukia. Wiki iliyofuata nikaanza kuzunguka madukani, na huko nikajifunza mali kauli ilivyo: duka linapokea nakala 20 bila kulipa kitu, linakata asilimia 40 ya bei kwa zile zitakazouzwa, na fedha zako unazifuata mwenyewe, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tano. Duka moja lilifungwa nakala zangu zikiwa ndani.

Hata hivyo, si hilo linaloniuma zaidi. Msomaji mmoja wa Moshi alinitumia picha ya ukurasa wa 112, akiwa ameupigia mstari kwa kalamu nyekundu. Katika ukurasa huo mhusika wangu anamtumia mama yake ada ya mdogo wake kwa M-Pesa mwaka 2005, ilhali huduma hiyo ilianza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008. Sura nzima ilisimama juu ya fedha zile kufika usiku uleule. Chini ya picha aliandika: "Hapa ndipo nilipokifunga kitabu." Mhariri makini angelinasa kosa lile siku ya kwanza, lakini mimi sikuwa na mhariri, nilikuwa na marafiki wawili walionipongeza.

Kwa hiyo nasema tusichanganye mambo mawili. Mchapishaji huleta mtaji na njia za kusambaza. Mhariri huleta jicho. Mwenye kujichapishia anaweza kukosa vyote viwili, ila kinachomuumiza msomaji ni kukosekana kwa jicho. Pendekezo langu ni kwamba riwaya hizi zipokelewe, kwa sharti kwamba ukurasa wa hakimiliki uoneshe jina la mhariri aliyeifanyia kazi. Tukumbuke pia kwamba Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell kwa ajili ya fasihi ya Kiswahili, imekuwa ikipokea miswada ambayo haijachapishwa na yeyote, na waamuzi wake wakaisoma na kuipima. Ikiwa mswada usio na mchapishaji unaweza kupimwa, kwa nini kitabu kisipimwe? Marehemu Ben Mtobwa alianzisha Heko Publishers na kuchapishia riwaya zake humo. Kanuni ya yule msemaji ingeziweka wapi?

Mhariri mstaafu, Dar es Salaam

Mwanangu, nimekusoma kwa makini na nakupa pole kwa yaliyokupata madukani, lakini sikubaliani nawe katika jambo la msingi, na nitakueleza kwa nini kwa kuwa kazi hii niliifanya kwa zaidi ya miaka 30.

Unasema mhariri ni jicho. Ni kweli, ila umesahau kwamba mhariri wa kampuni ana mdomo pia. Alikuwa akilipwa mshahara na mwajiri, si na mwandishi, na kwa sababu hiyo aliweza kumwandikia mwandishi kwamba riwaya hii haitatoka, au haitatoka kabla ya kuandikwa upya kuanzia sura ya sita. Mimi nimeandika barua za namna hiyo nyingi kuliko za kukubali, na baadhi ya walionichukia kwa barua zile walirudi baada ya miaka miwili na kazi iliyosimama. Sasa nieleze, mhariri unayemlipa wewe, ambaye wiki ijayo anahitaji umtafutie mteja mwingine, atapata wapi nguvu ya kukuambia usichapishe? Atasahihisha tahajia, atarekebisha aya mbili tatu, atapokea ujira wake na kukutakia heri. Jina lake litaonekana kwenye ukurasa wa hakimiliki kama ulivyotaka, na riwaya itabaki mbovu.

Wengi wenu hamkuona jinsi mambo yalivyokuwa. Shirika la vitabu la Afrika Mashariki, lile lililotoa riwaya ya upelelezi ya Katalambulla mwaka 1965 na kumfungulia njia kila aliyeandika hadithi za namna hiyo baada yake, lilikuwa na watu waliokaa mezani na mswada wiki nzima. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika lile halikunusurika, na waliojitosa kuziba pengo walikuwa na ari kubwa na wahariri wachache mno. Karatasi ilipoadimika katika miaka ya mwanzo ya 1980 nilishuhudia vitabu vikipunguzwa kurasa ili vitoshe karatasi iliyopo. Vijana walivinunua, ndiyo, lakini hali ile iliwazoesha waandishi wengi kuamini kwamba rasimu ya kwanza ni kitabu. Nachelea kwamba tukifungua mlango unaoutaka, tutairudisha imani ile tukiwa na mashine nzuri zaidi.

Mwandishi wa simulizi za simu, Mwanza

Nawaheshimu wote wawili, lakini mnajadili nyumba ambayo wengi wetu hatukai. Mimi natuma simulizi kwa sehemu, kila jioni saa mbili, kwa wasomaji wanaonilipa kwa simu kila wiki. Kosa kama lile la ukurasa wa 112 lingekamatwa usiku uleule, na mimi ningelirekebisha kabla ya sehemu inayofuata, kwa sababu wasomaji wangu wanakumbuka kila kitu, hata rangi ya gari la mhusika. Sitafuti tuzo. Ninachoomba ni kwamba wanaozungumzia riwaya ya Kiswahili wasijifanye kwamba sisi hatupo, ilhali ndio tunaosomwa kwenye daladala.

Nakiri jambo moja. Kwa kuandika kila siku sijawahi kurudi mwanzo na kuisoma hadithi yangu nzima kwa mkupuo, na nikifikiria kuitoa kama kitabu naingiwa na hofu.

Muuza vitabu, Arusha

Nizungumzie rafu, kwa kuwa kwenye tuzo sina ujuzi. Vitabu vingi vya kujichapishia vinavyoletwa kwangu havina maandishi mgongoni, hivyo nikivisimamisha rafuni mteja haoni jina, na havina msimbo wa mistari wa kusomwa na mashine. La pili ni kubwa zaidi: kitabu kikipendwa, nikiuza nakala zote kumi kwa wiki moja, nampigia mwandishi simu na kuambiwa kwamba hakuna nyingine hadi apate fedha za kuchapa tena. Shule ikiniagiza nakala 45 za darasa moja nitaipa nini? Kuhusu maduka yasiyolipa, mleta mada ana haki ya kulalamika. Mimi hulipa kila mwisho wa mwezi, na ningependa waandishi waje na daftari la makabidhiano lenye saini za pande zote mbili, maana wengi huacha vitabu kwa kuaminiana, kisha kumbukumbu zikagongana.

Mleta mada

Nawashukuru wote. Ndugu wa Arusha, hoja ya nakala 45 sina jibu lake zuri, na kwa upande wa orodha za shule naona sasa kwamba sharti la mhariri halitoshi. Lazima mwandishi aoneshe kwamba ana uwezo wa kutoa nakala zitakapohitajika, au awe na mkataba na mpiga chapa anayeweza kuchapa kidogo kidogo. Hapo nimerudi nyuma. Kwa tuzo sijarudi nyuma, kwa sababu mwamuzi anahitaji nakala chache tu.

Mzee wangu, swali lako la nani atakayesema hapana limenikosesha usingizi, kwa maana nilikwisha kulipata jibu lake nikalificha katika maelezo yangu ya kwanza. Riwaya yangu ya pili niliipeleka kwa mhariri wa kujitegemea, mwalimu wa zamani wa fasihi. Tulikubaliana ujira na nikalipa wote kwanza. Baada ya wiki tano aliniita nyumbani kwake, akaniwekea chai, akanikabidhi mswada ukiwa na alama za penseli hadi ukurasa wa 90 tu, na juu yake bahasha yenye nusu ya fedha zangu. Akasema kwa upole kwamba kuanzia pale mhusika mkuu anaacha kutaka kitu chochote, na kwamba yeye hawezi kuhariri hadithi ambayo bado haijaandikwa. Nilitoka pale nikiwa na hasira, na kwa miezi mitatu nilikuwa tayari kuichapa hivyo hivyo. Kisha nikaandika upya nusu ya pili, kurasa 61 za zamani zikaondoka moja kwa moja, na yeye akaimalizia.

Kwa hiyo wapo wanaoweza kusema hapana hata wakiwa wamelipwa na mwandishi, ila nakubali kwamba utaratibu wenyewe hauwalindi, na kwamba yule mama alikula hasara ili kuniambia ukweli. Labda sharti linalofaa ni mkataba wa maandishi ambamo mhariri hulipwa ujira wake wote hata akishauri kitabu kisitoke, na ambamo ana haki ya kuliondoa jina lake. Hapo jina lililobaki ukurasani litakuwa na maana kwa mwamuzi anayelisoma.

Mswada wangu wa tatu una kurasa 340. Mzee, ikiwa afya yako inaruhusu kuusoma kwa mkataba wa aina hiyo, niambie ujira wako, nami nitakuletea mwenyewe hadi mlangoni.