Tupeane uzoefu: mliokwenda Ujerumani kutafuta ukoo

Mjukuu wa Korogwe: Juzi nimekuta kitabu cha sala kwenye sanduku la shangazi, ndani kimeandikwa jina la kijiji. Baba yake bibi alikuwa Mjerumani wa reli ya Tanga kwenda Moshi. Mliokwenda, mlianzia wapi?

Binti Lushoto: Umenitonesha. Mimi nilikwenda kijiji kimoja karibu na Kassel, Novemba, mvua haikatiki. Nilibeba udongo wa kaburi la mama yake bibi nikauweke kwenye kaburi la yule Mjerumani, baba yake bibi. Mzee wa kanisa akanipeleka makaburini, akasimama penye majani, akanionyesha kwa mkono: hapa. Hakuna jiwe, hakuna jina. Kumbe kule kaburi hulipiwa kwa muda, miaka 20 hadi 30 hivi, wenyewe wasipolipia tena linaondolewa. Nililia mpaka mzee wa kanisa akavua koti akanifunika. Udongo nikaumwaga palepale.
Kitabu cha kanisa nacho kina mke mmoja wa Kijerumani na watoto watatu. Bibi hayumo. Huku ndoa zao na Waafrika zilipigwa marufuku 1906, angeandikwaje?

Kulwa: Pole dada. Hata mimi jiwe sikulikuta.

Mwana wa Songea: Aliyewatelekeza mnamfuata wa nini? Daini mafuvu ya wazee wetu waliyoyachukua wakoloni, yaliyoko Berlin.

Binti Lushoto: Kaka, bibi yangu amekufa ameandikwa "baba hajulikani". Nilimfuatia yeye.

Mama Neema: Msigombane, mafuvu yetu na ukoo wetu.

Mstaafu Moshi: Anzia ofisi ya usajili ya kule. Ujerumani nzima ilianza kusajili 1876, nyuma ya hapo ni vitabu vya kanisa. Kumbukumbu za vizazi hufunguliwa kwa kila mtu baada ya miaka 110.

Kulwa: Aanzie Dar! Nyaraka za Taifa zina majalada ya Wajerumani.

Dada Bonn: Andika barua kwanza, kwa Kijerumani. Na mwandiko wa zamani hata vijana wao hawausomi, tafuta mzee.

Mpare: Barua hazijibiwi. Nenda na picha, ingia duka la mikate asubuhi, kijiji kizima kitapita hapo.

Mjukuu wa Korogwe: Dada Lushoto, wale watoto watatu je?

Binti Lushoto: Mjukuu wa mmoja alinipikia, tukalinganisha picha za bibi zetu, pua ileile. Wa mwingine nilimwandikia. Mwaka wa pili huu, sijajibiwa.