Kitu gani kidogo nyumbani kimekushangaza mpaka ukaita wenzako waje waone?

mama_pacha
Habari zenu wadau. Leo tupumzike kidogo na mada za madeni na ndoa za watu, tuambiane vile vitu vidogo vya nyumbani ambavyo havikuingizii hata senti ila ukivigundua siku yako inachangamka. Naanza mimi. Chumba cha watoto kina pazia zito jeusi, mchana tukalifunga ili wadogo walale, sasa lile pazia lina katundu kadogo sana hata sikuwahi kukaona. Mara mkubwa wao huyu hapa jikoni, mama njoo kuna watu wanatembea ukutani kichwa chini. Nikasema huyu kaota huyu. Naingia, mwanzo sioni kitu, macho yalivyozoea giza, hee! Ukuta mzima ni nje ya nyumba yetu, mti upo, kamba ya kuanikia ipo na nguo zinapepea, jirani huyo anapita na kapu lake, na rangi zake zote kabisa, ila kila kitu kimepinduka, mbingu zipo chini na ardhi ipo juu. Usingizi ukaishia hapo hapo, wote wanne tumekaa kitandani tunaangalia nguo zetu wenyewe, na sikuona aibu hata kidogo.

Mwenye kujua anieleze imekuwaje, na nyie wengine leteni vya kwenu.

fundi_miwani
Dada umepata kamera bila kununua kamera. Nuru inakwenda mstari ulionyooka, haikati kona. Kwa hiyo nuru inayotoka juu ya mti ikipita kwenye katundu inaendelea kushuka inagonga chini ya ukuta, na ile ya kwenye shina inapanda inagonga juu, ndo maana picha inapinduka, na kushoto na kulia navyo vinabadilishana, angalia tena utaona. Tundu likiwa kubwa picha inakuwa na mwanga mwingi lakini inavurugika, likiwa dogo inatulia ila inafifia. Chukua karatasi nyeupe uisogeze karibu na tundu, utaona picha inakuwa ndogo na inang'aa zaidi, watoto watagombania hiyo karatasi nakuhakikishia. Mambo haya mwanasayansi Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra kule Iraq, aliyachunguza na kuyaandika akiwa Misri karne ya 11, na alitumia hilo hilo giza la chumba na tundu.

Halafu kuna kingine ambacho mimi ndo kimenikaa zaidi. Yale madoa ya mwanga ya duara unayoyaona chini ya mti wenye majani mengi, mapengo kati ya majani yana maumbo ya kila aina, sasa mbona madoa ni ya duara? Ni picha za jua zile! Kila kapengo kanafanya kazi ya tundu la pazia lako. Siku jua likipatwa na mwezi kwa sehemu, yote yanageuka vipande vya mwezi mwandamo, mamia kwa mamia chini pale, na watu wanapita wanayakanyaga.

mjukuu_mkubwa
Mimi cha kwangu kinatoka kwa bibi. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, haoni vizuri, ila kumimina chai anamimina mwenyewe na hamwagi. Nilidhani anatumbukiza kidole kama wengine wanavyofanya, nikamwangalia kwa makini, wala. Anainamisha sikio. Nikamuuliza bibi unajuaje kikombe kimejaa, akanijibu kama vile nimeuliza swali la kijinga, "si kinasema". Sasa nenda jikoni wewe mwenyewe ufumbe macho umimine maji kwenye glasi ndefu, utasikia sauti inaanza nzito halafu inazidi kuwa nyembamba jinsi maji yanavyopanda, coz ile nafasi ya hewa iliyobaki juu inazidi kufupika, kama filimbi tu. Na sio hilo peke yake, bibi anajua pia kama maji yaliyomiminwa ni ya moto au ya baridi, bila kugusa. Nikajua hapo anatania, tukampima na binamu zangu tukiwa tumekaa nyuma yake, anapatia. Kumbe na sisi tukijaribu tunapatia! Masikio yetu yanajua siku zote, ni vile hatujawahi kuyauliza.

Mzee_wa_Hesabu
Mna muda nyinyi.

dada_wa_kona
@Mzee_wa_Hesabu shikamoo mzee wangu, njoo nikupe moja inayohusu nguvu basi. Fungua mlango wa friji, uache wazi kidogo, funga, halafu jaribu kufungua hapo hapo. Unagoma si ndio? Kwetu kila mtu alikuwa analaumu mpira wa mlango umeanza kunata, mume wangu kaufuta kwa sabuni wapi. Kumbe hewa ya joto iliyoingia ikipoa mle ndani inanywea, hewa ya nje inausukuma mlango kwa nguvu kuliko ya ndani. Subiri kidogo hewa ipenye pembeni, mlango unafunguka kirahisi kabisa. Sasa hivi mdogo wangu ndo mchezo wake kwa wageni, anawaambia friji letu lina roho.

Mzee_wa_Hesabu
Marahaba. Nimejaribu. Haya, endeleeni.

baba_wa_zamu
Vyenu ni vya sayansi mimi nina cha mtoto. Wetu anakaribia miaka miwili, mama yake akiwa zamu ya usiku mimi ndo namlaza. Nikishazima taa nikatoka najua kalala, kumbe anaanza kikao. Anaongea peke yake gizani, siku nzima inapitiwa upya, "paka. paka hapana. paka katoka. baba viatu. viatu baba. mpira baba". Anabadilisha neno moja moja, analirudia, analigeuza, anacheka mwenyewe. Nakaa kwenye korido sakafuni nasikiliza, simu nimeweka mbali isinisaliti. Nikaja kusoma kwamba mtaalamu mmoja wa lugha, Ruth Weir, alimrekodi mwanawe kabla ya usingizi na mwaka 1962 akatoa kitabu kizima juu ya maongezi hayo, na alichokiona ni hicho hicho, mtoto anajipa zoezi la kubadilisha maneno kwenye sentensi, hakuna aliyemtuma. Kwa hiyo wale mnaosema mtoto wangu haongei, hebu jifanyeni mmeondoka.

Ila kuna siku alisema "baba analia" na mimi sikulia, sijui aliitoa wapi hiyo hahaha

mjukuu_mkubwa
@baba_wa_zamu ulilia bwana, sema tu

jikoni_saa_zote
Haraka haraka maana nipo njiani: mayai mabichi na ya kuchemsha yakichanganyika usiyavunje, yazungushe mezani. La kuchemsha linazunguka vizuri, bichi linayumba yumba. Na lile bichi ukilisimamisha kwa kidole ukaachia mara moja, linaanza kuzunguka tena lenyewe, maana majimaji ya ndani yalikuwa hayajasimama. Watoto wangu hawali tena yai ambalo halijazungushwa.

mama_pacha
Jamani asanteni, nimecheka. @fundi_miwani swali, usiku inawezekana? Wanataka leo leo na taa za nje zipo.

fundi_miwani
Usiku utaona madoa ya hizo taa tu basi, ukuta hautapata nuru ya kutosha kuonyesha watu wala miti. Subiri mchana jua liwe linawaka upande ule unaoangaliwa na dirisha, yaani vitu vya nje vipigwe jua, sio dirisha lenyewe lipigwe. Na ziba mwanga wa chini ya mlango kwa nguo, huo ndo unaharibu watu wengi.