Silver Ghost ya 1907: maili 15,000 zilipima nini hasa?

Mpenda_chesisi: Mwaka 1907 ile Rolls-Royce 40/50 namba AX 201, yaani Silver Ghost, ilikimbizwa maili 15,000, sehemu kubwa London–Glasgow, chini ya uangalizi wa Royal Automobile Club, klabu ya magari ya Uingereza. Mwaka 1912 gari la aina hiyohiyo likazimika mlima Katschberg, Austria. Kasoro hiyo iliponyokaje? Na mtetemo wa injini za silinda sita za zama zile walikuwa wakiutafutaje barabarani?

Giaboksi: Haikuponyoka, iliingia baadaye. Gari lililojaribiwa lilikuwa na gia nne, ya nne ikiwa ya mwendo mwepesi wa barabara tambarare. Mwaka 1909 kiwanda kikaweka giaboksi ya gia tatu, kwa kuwa injini ile huvuta vizuri hata ikizunguka polepole, na madereva wengi hawapendi kubadili gia. Namba moja (gia ya kuondokea) ya giaboksi hiyo ikawa ndefu mno, yaani ya mwendo mwepesi lakini mvuto mdogo. Kwenye mwinuko mkali, gari likiwa na abiria, mizunguko hushuka, nguvu nayo hushuka, injini inazima. Kwa 1913 wakarudisha gia nne, namba moja ikiwa fupi, na rejeta kubwa zaidi.

Maili 15,000 zilipima uchakavu. Gari lilisimama bila kutarajiwa mara moja tu, kwenye maili ya 629: koki ya petroli ilijifunga kwa mtikisiko. Zilizobaki 14,371 zilikwenda moja kwa moja. Gari likafunguliwa, na vipuri vya kulirudisha hali ya upya vikagharimu pauni 2, shilingi 2 na peni 7. Hesabu nzuri, lakini haisemi lolote kuhusu giaboksi iliyokuja miaka miwili baadaye.

Silinda_sita: Kuhusu mtetemo: kila mlipuko ndani ya silinda huisokota kidogo krenkishafti, shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Nyuma imeshikwa na flaiwili, gurudumu zito la injini, mbele iko huru, kwa hiyo ncha ya mbele hucheza. Mwendo wa milipuko ukilingana na mwendo wa asili ambao shafti yenyewe hutetemeka, mtetemo unakua, na shafti nyembamba huvunjika. Henry Royce, mbunifu wa gari hilo, aliinenepesha, akaibeba kwa beringi saba na silinda akazigawa vitalu viwili vya tatu-tatu.

Barabarani, panda mwendo taratibu kwenye gia ya juu. Ukisikia mvumo unaotokea kwenye mizunguko fulani kisha unapotea, simama, weka gia huru, upandishe injini hadi mizunguko ileile. Mvumo ukirudi, chanzo ni injini. Ukikosekana, angalia propela shafti (ile inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma), au gia zenyewe.

Giaboksi: Nyongeza kwa wenye gari lenye kizuia mtetemo cha msuguano mbele ya shafti: usikaze springi zake kupita kiasi. Diski yake lazima iteleze kidogo ili mtetemo ugeuke joto; ikishikana kabisa inakuwa uzito tu unaozunguka na shafti. Ikilegea mno nayo haifanyi kitu. Kabla ya kugusa springi, tazama kama bitana, zile nyuso zinazosuguana, zimelowa mafuta.