Diploma ya jioni mjini Kisumu au nisome mtandaoni?

Mtu wa Ahero: Hamjambo. Septemba nataka kurudi shule. Nimebaki na mawili: chuo fulani hapa Kisumu chenye masomo ya jioni, au Open University of Kenya. Karo ya kuanzia ninayo. Niende wapi?

Fundi Kondele: Unasomea nini? KCSE ulipata ngapi? Kazini unatoka saa ngapi? Umeuliza bei ya gari bila kusema ni lori au Probox.

Mama Pacha: Mtandaoni, bila kufikiria mara mbili. Mimi husoma watoto wakishalala, saa nne mpaka saa sita usiku.

Mtu wa Ahero: Samahani. Ninasimamia stoo ya duka la vifaa vya ujenzi, nina miaka 38. Nilipata C ya kawaida. Nataka ununuzi na ugavi. Natoka saa kumi na moja na nusu, Jumamosi saa saba.

Mwalimu Mstaafu: Basi nusu ya swali imejijibu. Open University ilipewa hati Agosti 2023 na inafundisha mtandaoni, lakini kuingia digrii moja kwa moja kunataka C+. C yako ni ya diploma. Anzia hapo.

Lanet Kwetu: Ndugu, kabla ya karo uliza dirisha la mhasibu linafungwa saa ngapi. Nilisoma jioni katika chuo kimoja huku Nakuru, jina naliacha. Darasa lilianza saa kumi na moja na nusu. Dirisha la karo lilifungwa saa kumi na nusu, kufuli hii hapa. Kila risiti ilinigharimu ruhusa ya kazini. Mhadhiri wa takwimu alifika saa kumi na mbili na nusu, akatuma noti kwa WhatsApp, akaenda zake. Kulikuwa na mama aliyekuja na mtoto wake wa Gredi ya 1. Mtoto alilala dawati la nyuma, kichwa juu ya begi, viatu bado mguuni. Hakumsumbua mtu. Siku moja mlinzi akawazuia langoni, ati watoto hawaruhusiwi. Yule mama hatukumwona tena, na ndiye aliyekuwa akitufundisha hesabu mhadhiri akikosa. Mwishowe alama zangu za somo moja zikapotea, nikaambiwa nije saa za kazi. Saa za kazi za nani?

Mama Pacha: Ndiyo maana nikasema mtandaoni.

Lanet Kwetu: Mtandaoni hakuna alama zinazopotea?

Fundi Kondele: Mimi nilienda NITA, mtihani wa ufundi, gredi ya 3 kisha ya 2. Nilifunga nyaya mbele ya mtahini, basi. Hakuna aliyenifundisha upya kushika koleo. Huyu amehesabu saruji miaka mingapi? Chuo kitamwanzishia "stoo ni nini".

Mama Pacha: NITA si diploma, Fundi. Ukiomba kazi ya kaunti watakuuliza karatasi.

Fundi Kondele: Na stima ikipotea hapo kaunti wanamwita mwenye karatasi?

Mwalimu Mstaafu: Tusigombane. Sisi walimu tulisoma wakati wa likizo, Aprili, Agosti na Desemba. Chuo kilifuata kalenda yetu, ndipo tukamaliza. Mwenye stoo hana likizo. Waulize wa chuo kama wana darasa la Jumamosi alasiri.

Lanet Kwetu: Na nauli ya Ahero saa mbili usiku, hasa mvua ikinyesha. Ipigie hesabu kama karo.

Mtu wa Ahero: Hiyo nauli sikuiwaza. Nimewapigia wale wa jioni leo nikitoka kazini, saa kumi na mbili kasoro robo. Simu imelia hadi ikakatika.

Mama Pacha: Jaribu kesho saa nne asubuhi.

Mtu wa Ahero: Saa nne lori la saruji linashusha.

Fundi Kondele: Saruji ni pesa ngapi huko kwenu sasa? Huku wametuongezea tena.