Naomba ushauri: upepo wa yadi 1,000 unanishinda

Habari zenu wakuu. Naishi Uingereza, na Jumamosi mimi na rafiki zangu wawili tulikwenda Bisley, kule Surrey, kulenga shabaha uwanja wa Stickledown. Tunatumia bunduki za 7.62 (kipenyo cha risasi kwa milimita), unalala kifudifudi, mkanda umekaza mkononi.

Yadi 900 nilikuwa vizuri. Tulipohamia 1,000 mambo yakaharibika. Bendera za karibu yangu zimelala, za kule mbele zinapepea kuelekea kulia. Nikarekebisha kilengeo cha bunduki kidogo, nikavuta triga taratibu. Shabaha ikashushwa na wanaoikagua shimoni, ikapanda tena, na kile kidude cha kuonyesha tundu kiko ukingoni kabisa, kulia. Nikaongeza marekebisho, upepo ukatulia, iliyofuata ikaenda kushoto. Risasi kumi namna hiyo! Umbali ule, upepo ukizidi maili moja tu kwa saa risasi inahama karibu futi nzima.

Wenye uzoefu, mnaamini bendera zipi, za karibu au za mbali? Na mawimbi ya joto kwenye darubini mnayasomaje? Mwenzangu anasema nisubiri upepo ule ule urudi ndipo nifyatue, ila muda nao unakimbia. Tunarudi mwezi ujao, naombeni msaada.