Shule ya awali imepoteza kadi ya kliniki ya mwanangu, sasa mimi ndiye natakiwa nithibitishe kwamba alichanjwa!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Mwanangu anaanza darasa la kwanza Januari. Shule inataka cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki. Sina ugomvi na hilo hata kidogo, surua ikiingia kwenye darasa lililojaa watoto haimwachi ambaye hajachanjwa. Ugomvi wangu ni kwamba kadi ilishachukuliwa na shule ya awali. Niliwapelekea kopi wakaikataa, wakataka orijino ikae kwenye faili la mtoto. Leo faili lipo, kadi haimo! Mwalimu ananiambia, "Mama, labda ulishaichukua ukasahau." Mimi, niliyeitunza kadi hiyo kwenye mfuko mmoja na hati ya kiwanja!

Nikapanda basi hadi Morogoro alikochanjiwa. Nesi alinipokea vizuri, simlaumu. Akawasha kishkwambi, akaniomba namba iliyo kwenye kadi. Nikamwambia kadi ndiyo iliyopotea. Akatafuta kwa jina, wakaja watoto kibao, wangu hayumo. Tukaingia stoo kwenye madaftari. La 2019 tulilipata, panya wamekula upande mmoja: Penta (chanjo ya magonjwa matano) ya wiki ya 6 na ya 10 inasomeka, ya wiki ya 14 imekwenda na panya. La 2020, lenye surua ya miezi 9 na 18, halikuonekana kabisa. Kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, liko begani kwake, kila mtu analiona. Hizo nyingine haziachi alama, nizionyesheje?

Nimerudi Dar, mtu wa kituo fulani cha afya akanivuta pembeni: elfu 20, napewa kadi mpya na tarehe zote zimejazwa. Kalamu moja, dakika tano. Hapa ndipo nilipotokwa na machozi. Nilibeba mtoto mgongoni kwenye mvua nisikose tarehe ya kliniki, kumbe ambaye hakukanyaga kliniki hata siku moja anaweza kuwa na kadi safi kuliko yangu. Sikutoa hiyo hela na sitatoa.

Wengine wanasema achanjwe upya. Ya surua-rubella nitakubali, kuirudia hakumdhuru. Lakini ya rota, ile ya kuzuia kuhara, ni ya watoto wachanga, mtoto wa miaka sita hapewi. Chumba chake kwenye kadi kitabaki kitupu na shule itasema kadi haijakamilika.

Na dada yake alichanjwa HPV (ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi) shuleni 2024, akarudi nyumbani na habari ya mdomo tu, hakuna karatasi. Akiulizwa baadaye aseme nini?

Shule ikague kadi, iandike tarehe kwenye faili, imrudishie mzazi palepale. Na huo mfumo wa vishkwambi umtafute mtoto kwa namba ya cheti cha kuzaliwa, maana cheti kikipotea RITA, wakala wa vizazi na vifo, wanatoa kingine. Kwa nini chanjo za mtoto zitegemee karatasi moja iliyo mikononi mwa mama?

Jumatatu narudi shule ya awali. Sitoki pale bila barua yenye mhuri inayosema wao ndio walioipoteza. Aliyewahi kupata kadi ya pili kwa njia halali anielekeze alianzia wapi, muda wa kuandikisha unaniishia.